Msingi wa Baragumu

Same, 3 Machi 1950

Daftari hili nimelinunua kwa sababu nimechoka kusimulia. Kila mwanamke anayeshuka kwenye gari moshi na kunywa uji wangu pale stesheni ananiuliza: Eliwaza, kiwanja ulikipataje? Nyumba ya kupangisha inaanzwaje, nawe huna mume wala baba? Nikianza kueleza, gari linapiga king'ora, anaondoka na nusu ya habari. Nusu ya habari ndiyo inayowafilisi watu. Basi nitaandika kadiri ninavyojenga, na makosa yake, na anayejua kusoma atamsomea asiyejua.

La kwanza. Kiwanja kisichukuliwe kiangazi. Kiangazi kila kiwanja cha Same ni kizuri. Nenda siku ya mvua, vua viatu, simama katikati, uone maji ya mlimani yanapita wapi. Viwanja viwili vya karibu na soko nilivikataa kwa sababu hiyo, na waliovichukua sasa wana mfereji chumbani. Changu kiko nyuma ya maduka ya Wahindi, kimepanda kidogo, kina mawe. Walinicheka kwamba nimenunua mawe. Waache wacheke.

La pili. Soma masharti mwenyewe, usisomewe. Bomani wameandika kwamba kabla ya mwisho wa Juni nyumba iwe imeezekwa bati, hata kama ni sehemu yake, na iwe na choo alichokikubali Bwana Afya. La sivyo kiwanja kinarudi serikalini na nilicholipa hakirudi. Nimepanga vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, ukumbi katikati. Chumba shilingi sita kwa mwezi. Mabati sitini nimekwisha yalipia dukani.

Msingi uko tayari, na haukunigharimu kitu ila makande na dengelua, ile pombe yetu ya miwa. Watu wa ukoo walishuka kutoka Suji mwezi uliopita wakanifanyia msaragambo, kazi ya pamoja, siku mbili, watu sitini kila siku. Sefu, fundi wangu, mtu wa Pangani, alisema tangu aanze kushika mwiko hajaona msingi wa bei kama hiyo. Nilijisikia mjanja.

5 Machi

Jumapili. Kanisani. Mvua iko upande wa Usambara, tunaitazama tu.

9 Machi

Fundi alipwe kwa kazi, asilipwe kwa siku. Fundi wa siku hulibembeleza tofali moja kama mtoto mgonjwa. Nimepatana na Sefu kwa ukuta. Leo amepandisha safu nne kabla ya chakula, halafu akaomba chai kama mtu anayenidai.

11 Machi

Nimerudi kutoka stesheni jioni nikakuta watu ndani ya kuta zangu. Watu wazima watatu, wametandika majani ya migomba, wamemfunga mbuzi kwenye kizingiti. Mmoja, Melkizedeki, jamaa wa ukoo ambaye hatujaamkiana miaka mitano, alisimama akaniambia, "Karibu, mama, karibu ndani."

Karibu! Kwenye nyumba yangu!

"Mmeruhusiwa na nani?"

"Ruhusa ya nini tena? Hii si nyumba yetu ya Same? Tuna kesi barazani Jumatatu." Akaonyesha kwenye kona. "Lile jiwe pale ni langu. Lilinichuna bega, nalijua kama ninavyomjua mke wangu."

Nilidhani ni utani wa safari. Nikawapa na uji.

14 Machi

Wamefika saba. Hata mmoja hajauliza.

18 Machi

Amekuja Baba mdogo Simeoni, ndugu wa marehemu baba yangu, ndiye anayeshika baragumu la ukoo wetu. Alizunguka nyumba yote mikono mgongoni, akigonga kuta kwa kifundo cha kidole kama anayenunua mtungi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nyumba yetu inapanda vizuri."

Akaniambia walivyokaa wazee wakakata shauri. Chumba cha mbele kiwe cha wazee wanaokuja barazani. Cha pili cha wagonjwa wa hospitali. Vile vinne nipangishe nitakavyo, ila kodi ipitie kwao kwanza, halafu wao wataona fungu langu. "Wewe ndiye mtunzaji," alisema. "Tumekuamini."

"Baba, kiwanja ni changu. Jina langu liko bomani."

"Jina lako liko kwenye udongo. Mawe ni ya nani?"

"Nilipika. Watu walikula, wakanywa, wakaimba hadi stesheni ikasikia."

"Walikula, ndiyo. Sasa niambie, nani aliyeomba baragumu lipigwe?"

Ni mimi niliyeomba.

Nalieleza vizuri, maana hapa ndipo nilipojikwaa. Kwetu mlimani, ukijenga nyumba yako unaalika majirani, anayetaka anakuja, asiyetaka anajidai mgonjwa. Ukipata kumi na watano umebahatika. Baragumu ni kitu kingine. Baragumu hupigiwa mifereji, na njia, na shule, na ndiva, lile bwawa la kukusanya maji ya mashamba usiku. Likilia kila nyumba hutoa mtu, na asiyekuja hutozwa. Mimi nilitaka sitini, sikutaka kumi na watano. Nikamwendea Simeoni, nikamwomba alipige, na yeye akalipiga bila kuuliza neno. Nilimwona mzee mwema siku ile. Leo naona alikuwa anahesabu kuliko mimi.

Maana kilichochimbwa kwa baragumu kwetu ni cha wote. Kila mtoto wa Suji anajua. Nilijua na mimi. Nilidhani kwa kuwa ni Same, chini huku, karibu na reli, haitahesabiwa.

Kwa anayeanza: kazi ya bure ina mwenyewe. Mjue ni nani kabla hujainjika chungu.

24 Machi

Mvua imeshuka. Sefu hakuja.

25 Machi

Mvua.

28 Machi

Mvua usiku kucha. Ukuta wa chumba cha tano umelala chini wote. Matofali mabichi yakinyeshewa kabla ya kufunikwa ni uji. Nunua makuti kwanza, tofali baadaye. Mimi nilifanya kinyume. Sefu alitazama rundo la tope, akasema, "Bibi mkubwa, huu ukuta nilikwisha lipwa." Nikamwambia ulilipwa ukuta, na mimi huu siuoni. Tukabishana hadi jua likatoka. Ataurudia kwa nusu.

3 Aprili

Nimeitwa na Aminieli, karani wa viwanja bomani. Kijana nadhifu, hupenda kunyoosha karatasi zake kabla ya kusema jambo baya. Alizinyoosha sana leo.

"Dada Eliwaza, mzee wenu alikuja. Ameweka neno kwamba nyumba ni ya ukoo."

"Na wewe ukaandika?"

"Nisipoandika nitafukuzwa. Sikiliza. Kukiwa na dai, hati haitoki. Juni ikiisha bila hati, kiwanja kinashikwa mpaka kesi isikilizwe."

"Kesi inachukua muda gani?"

Akacheka, si kwa ubaya. "Hapo kabatini kuna kesi ya ardhi iliyofunguliwa na mtu ambaye sasa ni mjukuu wake anayekuja kuiuliza."

"Nifanyeje basi?"

"Mlete mzee mwenyewe, mbele yangu, aseme hana dai. Kwa mdomo wake. Hapo nitaandika haraka kuliko alivyosema."

Miaka kumi na moja nimeuza uji na maandazi kwenye ile sakafu ya stesheni. Mahari yangu mwenyewe nilimrudishia aliyekuwa mume wangu, mtu wa Kileo, mbuzi kwa mbuzi, aliponiletea mke wa pili akidhani nitawapikia wote wawili. Hakuna ndugu aliyeniongezea hata mguu wa kuku. Leo nina kuta, nimepata ndugu wa kujaza magari mawili.

9 Aprili

Pasaka. Nilipanda Suji kwa njia ya Makanya, nikaingia kanisani na matope hadi magotini, baada ya ibada nikaomba wazee wanikalie kikao. Nikawaambia: nitalipa. Kila aliyekuja, kila siku aliyokuja, shilingi moja na nusu, kama anavyolipwa kibarua wa chini. Nilikuwa na pesa ya kuanzia kwenye kitambaa, niliifungua waione.

Simeoni hakuitazama. "Baragumu halilipwi shilingi," alisema. "Tangu lini? Siku ya baragumu hurudishwa kwa siku ya baragumu. Una siku zetu mia na ishirini. Chukua jembe, uzirudishe, halafu tutakwenda wote bomani nikaseme nyumba ni yako."

Wakacheka. Mmoja akauliza kama nitaanza leo na nguo ya Pasaka. Mwingine akasema nikimaliza nitakuwa nimeota nundu ya ng'ombe. Nikafunga kitambaa changu, nikaondoka bila kuaga, jambo ambalo halifanyiki kwetu, na nilitaka waone kwamba nimelifanya.

Njiani alinifuata Mama mdogo Ruthi, mke wa Simeoni. Siku zote nilimhesabu kuwa ni kivuli cha mumewe: akikohoa mzee, yeye hufunika mdomo.

"Umesikia alichosema?"

"Nimesikia, mama. Amenicheka mbele ya watu."

"Sikuuliza kama amekucheka. Amesema siku kwa siku. Amesema mbele ya wazee wote, na akataja bomani. Hakusema siku za mikono ya nani."

Nikasimama.

"Mtu akiugua," alisema, "si hupeleka mtu badala yake, na siku inahesabiwa? Jirani yetu Manase alipovunjika mguu alimpeleka mchunga mbuzi wake, Mkamba, na huyo mume wangu akamkubali." Akanipa ndizi mbili za njiani. "Mimi nimebeba mawe ya baragumu tangu sijavaa kanga. Njia, shule, ndiva. Nyumba ya Same ikiwa ya ukoo, unadhani ni mimi nitakayelala chumba cha mbele?"

Nilishuka mlima nikiwa nakula ndizi na kufanya hesabu.

12 Aprili

Hesabu yenyewe. Ndiva husafishwa tope kila mwaka mvua zikipungua, siku tatu, kwa baragumu. Watu arobaini kwa siku tatu ni mia na ishirini. Shilingi moja na nusu kila mmoja kwa siku, ni mia na themanini. Chakula, na lori la kuwafikisha chini ya mlima, tisini. Jumla mia mbili na sabini. Bati moja ni shilingi tisa. Kwa hiyo ni mabati thelathini, ndiyo nusu ya paa langu.

Vyumba vitatu basi.

Sikulala vizuri, lakini nimelala.

13 Aprili

Mwenye duka amekataa kunirudishia pesa ya mabati thelathini. Nimekaa barazani kwake.

14 Aprili

Nimekaa tena. Wateja wakiingia nawaeleza kisa chote, tangu mwanzo, polepole.

15 Aprili

Amerudisha. Amekata kidogo. Anayeanza akubali kukatwa kidogo. Ukigombania kila senti utazeeka barazani kwa mtu.

22 Aprili

Mvua. Wageni wa ukoo tisa. Makuti niliyofunika chumba cha tatu yanavuja juu yao, na mmoja amenilalamikia.

6 Mei

Sefu ameuliza kwa nini hatuanzi mbao za upande wa pili. Nikamwambia upande wa pili utangoja. "Umeishiwa?" "Nimenunua kitu kingine." "Kizuri?" "Sijui bado." Akatikisa kichwa. Hata hivyo leo alifanya kazi hadi jua kuzama, na hakuomba chai.

13 Mei

Nimeshuka Makanya, kambi ya mkonge. Nimeonana na Yusto, nyapara, ambaye miaka yote hunywa uji wangu akipita. Anao watu waliomaliza kipande, kadi yao ya siku thelathini za kazi, na hawajaanza kingine: Wabena, Waha, Wanyamwezi. "Kuchimba tope?" alisema. "Baada ya mkonge hiyo ni harusi." Arobaini, kwa majembe yao.

20 Mei

Manyunyu tu. Ruthi ameniletea neno kwa mwuza vitunguu: baragumu la ndiva litapigwa tarehe thelathini.

30 Mei, Suji

Mimi na watu wa Yusto tulifika usiku, tukalala kwenye shule, kwa ruhusa ya mwalimu, nasi tulilipa kuni. Kabla ya jua Simeoni akasimama kwenye mwinuko wake akapiga baragumu. Alipiga mara tatu, kwa nguvu zake zote, kama apigavyo siku zote. Akalishusha, akapangusa mdomo.

Wakatoka. Watu arobaini, wawili wawili, majembe begani, wakiimba kwa Kinyamwezi. Nyuma yao mimi, na jembe langu. Mbwa wote wa Suji walibweka. Watoto wakakimbia mbele yetu wakipiga kelele kwamba vita imerudi.

"Hawa ni nani?" alisema Simeoni.

"Shikamoo, baba. Ni siku zako. Arobaini za leo, arobaini za kesho, arobaini za kesho kutwa. Hesabu."

"Hawa si watu wa ukoo!"

"Baragumu limeuliza ukoo? Limeita mwenye jembe."

Wazee wakaanza kunong'ona. Mmoja akasema haijapata kutokea. Hapo Ruthi, akiwa na karai kichwani, akamwambia mumewe kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Baba Eliufoo, yule Mkamba wa Manase alikuwa wa ukoo gani?"

Mwanamke mmoja akacheka, akaziba mdomo, wa pili akashindwa kuziba. Wakacheka wanawake wote waliokuja kubeba tope, wakaketi chini kabisa na makarai yao. Kwa mara ya kwanza siku ya baragumu wao hawakuwa na la kubeba.

Simeoni angeweza kuwafukuza. Lakini ndiva ilikuwa imejaa tope hadi kiunoni, mahindi yanangoja maji, na wanaume wake wamekwisha kaa kivulini. Akaokota vijiti, akaanza kuhesabu.

31 Mei

Wamechimba. Yusto anawapangia kama mistari ya mkonge. Nimechimba na mimi. Mikono imetoka malengelenge, naandika vibaya.

1 Juni

Imekwisha. Wamefika chini kwenye mawe ya zamani yaliyopangwa na mababu, ambayo wazee wenyewe walikuwa hawajawahi kuyaona. Wazee wa mifereji walishuka ndani wakayagusa. Mmoja alinishika mkono. Simeoni alifunga vijiti vyake kwa kamba akasema neno moja, "Zimetimia," akaenda zake. Niliwalipa watu palepale, mbele ya kila mtu, mmoja mmoja. Ruthi alisimama karibu akitazama kila shilingi inavyotoka mkononi mwangu na kuingia mkononi mwa aliyechimba. Alitazama hadi ya mwisho.

10 Juni

Mabati yamepanda, upande mmoja. Upande wa pili kuta ziko wazi, nimezifunika makuti. Nyumba inaonekana kama mtu aliyevaa kofia nusu. Wageni wa ukoo hawaji tena.

17 Juni

Bwana Afya amekuja. Hakutazama nyumba, alikwenda moja kwa moja chooni, kama nilivyotabiri. Choo kichimbwe kwanza na kwa kina, kwa sababu huko ndiko anakoanzia, na akikasirika chooni atakasirika hadi dirishani. Amekubali. Ameniambia madirisha ni madogo, nikamwambia wezi ni wakubwa. Akatia sahihi.

20 Juni

Wapangaji. Usimchague kwa sura wala kwa dini wala kwa ukabila. Mwulize analipwa tarehe ngapi na nani. Nimepata fundi wa reli na mwalimu. Kodi ya mwezi mmoja mbele. Chumba cha tatu nakihesabu kitupu miezi miwili kwa mwaka. Ukihesabu vyumba vimejaa siku zote utakopa, na ukikopa utalala na wasiwasi kwenye nyumba yako mwenyewe. Kwa vyumba vitatu nitarudisha nilichotumia polepole sana. Nimehesabu mara nne, jibu ni lilelile. Ninalikubali.

27 Juni

Simeoni amekuja bomani. Sikuwa na hakika atakuja, lakini alikwisha sema mbele ya wazee wote, na yeye si mtu wa kula maneno yake. Nampa haki yake hiyo. Alivaa koti lake la kanisani. Ruthi alibaki nje, kwenye ngazi.

Aminieli alinyoosha karatasi zake. "Mzee, ukoo una dai?"

"Hauna. Siku zetu zimerudi. Nyumba si yetu."

Kalamu ikaandika upesi, kama alivyoniahidi. Simeoni akabonyeza kidole kwenye wino, akabonyeza kwenye karatasi. Nilidhani yamekwisha. Nilikuwa nimekwisha inuka.

"Andika na hili," alisema. "Mwenye nyumba naye si wetu. Baragumu likilia asijibu. Akifiwa asitupelekee habari, na sisi tukifiwa hatutampelekea."

Aminieli akaweka kalamu chini. "Mzee, hilo halina mahali kwenye karatasi hii."

"Litafutie."

Alikuwa ananitazama mimi. Nadhani alingoja nipige magoti, na angenisamehe palepale, na chumba cha mbele kingekuwa chake kabla ya jioni. Nilimwona Ruthi mlangoni, kiganja mdomoni. Nilimfikiria baba yangu aliyezikwa hatua chache kutoka kwenye mlango wa mtu huyu.

"Andika," nikamwambia Aminieli. "Yote mawili. Na tarehe."

Akaandika pembeni, kwa herufi ndogo. Nikatia sahihi chini ya yote, jina langu zima, bila jina la mwanamume.

Wewe unayetaka kuanza, liongeze hili kwenye hesabu yako kabla hujanunua tofali la kwanza. Mimi halikuwamo kwenye yangu. Lingekuwamo, bado ningejenga.